Kusoma mswada pamoja mkiwa mbali: mwongozo kamili wa kuweka madokezo juu ya hati za intaneti

Mwaka 2024 Wakenya waliusoma Mswada wa Fedha kwa hamu ambayo sikumbuki kuiona kwa mswada mwingine wowote. Vijana waliufafanua kwenye TikTok, watu wa kujitolea wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, na tarehe 26 Juni Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Lakini wengi tuliusoma kwa skrinishoti: kipande cha ukurasa, duara jekundu, mshale, na maelezo ya mstari mmoja. Skrinishoti ikishaforwadiwa mara tano hujui tena imetoka ukurasa gani, ni ya toleo gani, wala kifungu kinachofuata kinasema nini. Na mtu akiuliza swali zuri kwenye kundi la WhatsApp asubuhi, kufikia jioni limefunikwa na salamu, matangazo ya harambee na video.

Ipo njia nyingine. Kuna programu zinazokuwezesha kuchagua sentensi yoyote ndani ya ukurasa wa intaneti au PDF, ukaandika dokezo pambizoni, na wenzako wakaliona hapo hapo kwenye sentensi hiyo, wakalijibu, wakalipinga, wakaweka ushahidi. Swali linabaki limeshikamana na maneno linayoyauliza. Kwa kikundi kinachotaka kushiriki kwa uzito katika maoni ya umma, haki iliyowekwa na kifungu cha 118 cha Katiba ya Kenya ya 2010, sijui njia bora kuliko hii.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: kikundi cha watu kumi au ishirini, wengine Mombasa, wengine Nakuru, mmoja yuko Doha kazini, wanaosoma mswada mmoja na kuandika wasilisho la maoni kabla tarehe haijafika. Hatua ni zile zile kwa hati ya mkopo wa chama, ripoti ya mazingira ya mradi wa bandari, au makala ya kitaaluma.

Kwanza chagua chombo kinachofaa kazi

Usikimbilie programu kubwa kama shida yako ni ndogo. Ukitaka tu kumwonyesha mtu sentensi moja kwenye ukurasa mrefu wa wavuti, huhitaji akaunti yoyote. Kwenye Chrome ya kompyuta, chagua maneno hayo, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, kisha nakili kiungo cha maneno uliyochagua. Kwenye simu ya Android, chagua maneno, gusa kushiriki, na utapata kiungo cha aina hiyo hiyo. Atakayekifungua atapelekwa moja kwa moja kwenye sentensi ikiwa imepakwa rangi. Ukikitazama kiungo chenyewe utaona mwishoni kimeongezwa alama #:~:text= na kufuatiwa na maneno yako. Chrome imekuwa na uwezo huu tangu 2020, Safari na Firefox zikafuata baadaye. Kwa mabishano ya kawaida kwenye kundi la WhatsApp, hili peke yake linatosha na lingepunguza nusu ya skrinishoti tunazotumiana. Kasoro yake ni kwamba linaonyesha mahali tu, halibebi maelezo wala majibu.

Google Docs wengi wanaijua. Unanakili maandishi, unawapa wenzako ruhusa ya kutoa maoni, mnaandika pembeni. Ni nzuri sana wakati wa kuandika wasilisho lenu wenyewe. Kwa kusoma hati ya watu wengine siipendekezi, kwa sababu mkishanakili maandishi mmeachana na chanzo. Mtu akifuta mstari kwa bahati mbaya, mnaendelea kujadili mswada ambao haupo.

Zotero inawafaa wanafunzi na watafiti. Ni bure, inafanya kazi hata mtandao ukikatika, na tangu toleo la 6 la mwaka 2022 ina kisomaji chake cha PDF ambamo unapaka rangi na kuandika. Kundi likishiriki maktaba moja, madokezo ya kila mtu yanaonekana kwa wote mtandao ukirudi. Nafasi ya bure ya kuhifadhi mafaili ni MB 300, na mafaili ya kundi huhesabiwa kwenye akaunti ya mwenye kundi. Kama mna makala hamsini za kusoma kwa muhula mzima, chukueni Zotero.

Kwa mswada mmoja, watu wengi na siku chache, mimi huchagua Hypothesis. Ni programu huria iliyoanzishwa na Dan Whaley mwaka 2011, haitozi chochote kwa mtu binafsi au kikundi kama chetu, na inafuata kiwango cha madokezo ya wavuti kilichoidhinishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, mwezi Februari 2017. Sehemu iliyobaki ya mwongozo huu ni juu yake. Jambo moja lieleweke mapema: dokezo lako haligusi tovuti ya bunge wala ya mtu yeyote. Linahifadhiwa kwenye seva za Hypothesis, na linaonekana juu ya ukurasa kwa yule tu aliyefungua ukurasa huo akiwa na Hypothesis.

Tayarisha hati kabla hujamwita mtu

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoharibu kazi nzima ikirukwa. Ifanye peke yako au na mwenzako mmoja, ikamilike, ndipo uwaalike wengine.

Chukua mswada kwenye chanzo chake. Miswada ya Kenya hupatikana kwenye tovuti ya bunge, parliament.go.ke, na sheria zilizopo ziko kwenye kenyalaw.org. Usianze na PDF uliyoletewa kwenye WhatsApp, hata kama inafanana na halisi. Linganisha namba ya mswada, tarehe ya kuchapishwa na idadi ya kurasa.

Kisha tunza nakala isiyobadilika. Nenda web.archive.org/save, bandika anwani ya PDF, subiri. Hifadhi hiyo inaendeshwa na Internet Archive, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1996, na itakupa kiungo chenye tarehe na saa. Tovuti za serikali hupangwa upya na mafaili huhamishwa, na siku mtakapoulizwa mlisoma toleo gani, kiungo hicho ndicho jibu.

Sasa fungua PDF na ujaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likichagulika, hati ina maandishi ya kweli. Kama unachochagua ni mraba tu juu ya picha, hati imeskaniwa na hakuna programu ya madokezo itakayoweza kuyashika maneno yake. Itabidi uipitishe kwenye programu ya kutambua herufi. OCRmyPDF ni ya bure na hutumia Tesseract, ambayo inatambua Kiingereza na Kiswahili pia. Inaendeshwa kwa kuandika amri, kwa hiyo mwombe kijana wenu wa kompyuta. Adobe Acrobat ya kulipia nayo hufanya kazi hiyo. Ukimaliza, soma kurasa mbili tatu ukilinganisha na picha, hasa tarakimu, kwa sababu asilimia 16 ikisomwa 18 mtajadili kodi isiyokuwapo.

Halafu gawa faili lile lile kwa wote. Hypothesis huitambua PDF kwa alama iliyo ndani ya faili lenyewe, si kwa anwani yake tu. Maana yake ni kwamba mimi nikifungua nakala iliyo kwenye kompyuta yangu, na wewe ukafungua nakala yako, madokezo yetu yanakutana kana kwamba tuko ukurasa mmoja. Kwa watu wanaohesabu bando hii ni neema kubwa: faili linapakuliwa mara moja penye Wi-Fi, linatumwa kwa Bluetooth au flashi, na baada ya hapo kinachosafiri kwenye mtandao ni madokezo tu, ambayo ni maandishi mepesi. Lakini sharti liwe faili moja. Mtu akiibana PDF ili iwe ndogo, au akaichapisha upya kuwa PDF nyingine, alama inaweza kubadilika, na mtajikuta makundi mawili mnaosoma mswada mmoja bila kuonana. Kwenye WhatsApp itume kama hati, si kama picha za kurasa.

Akaunti na kundi

Kila mshiriki afungue akaunti kwenye hypothes.is. Inahitaji baruapepe, jina la mtumiaji na nywila, kisha unathibitisha kwa kiungo unachotumiwa. Jina la mtumiaji litaonekana kwenye kila dokezo, kwa hiyo mtu achague kwa makini. Si lazima liwe jina lake kamili. Wazee na wale wasiozoea kompyuta wafungulieni akaunti mkiwa nao, wakiandika nywila yao wenyewe. Msiwafungulie bila wao kuwapo kisha mkawatumia nywila kwenye kundi.

Mtu mmoja aunde kundi la faragha: ukiwa umeingia, fungua hypothes.is/groups/new, andika jina, thibitisha. Jina liwe na mwaka na mada, kwa mfano Mswada wa Fedha na mwaka wake, kwa kuwa mwakani mtaunda jingine. Utapewa kiungo cha mwaliko. Yeyote mwenye kiungo hicho na akaunti anaweza kujiunga, kwa hiyo kitume kwa watu mnaowajua, usikibandike kwenye kundi la watu mia mbili.

Kwenye kompyuta yenye Chrome, ongeza kiendelezi cha Hypothesis, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, kutoka duka la Chrome. Ukitaka kitumike kwenye PDF iliyo ndani ya kompyuta yako, nenda kwenye orodha ya viendelezi, fungua maelezo ya Hypothesis na uruhusu ifikie mafaili. Chaguo hili huwa limezimwa, na watu wengi hudhani programu imeharibika kumbe ni hilo tu. Kwenye Firefox tumia alamisho maalumu inayotolewa kwenye tovuti yao: unaiburuta hadi kwenye upau wa alamisho, kisha unaibofya ukiwa kwenye ukurasa unaotaka.

Simu ni habari nyingine. Chrome ya Android haikubali viendelezi. Njia ya kawaida ni kuweka https://via.hypothes.is/ mbele ya anwani ya ukurasa, kisha kufungua. Si kila tovuti inapita kwa njia hii, na kwenye kioo kidogo paneli ya madokezo hufunika maandishi. Ushauri wangu ni kutolazimisha. Wenye kompyuta waweke madokezo, na wenye simu wasome na kujibu kupitia viungo vya dokezo mojamoja. Anayekwenda saiba aondoke kwenye akaunti yake kabla hajainuka kitini.

Kuweka dokezo

Fungua hati, bofya alama ya Hypothesis, paneli itatokea kulia. Juu yake kuna menyu ya makundi. Itazame kabla hujaandika chochote. Ikionyesha Public, unachoandika kitaonekana na dunia nzima. Chagua kundi lenu. Dokezo lililokwisha kuwekwa Public huwezi kulihamishia kwenye kundi. Utalifuta na kuliandika upya.

Chagua maneno, na vitufe viwili vitatokea: Highlight hupaka rangi tu, na rangi hiyo unaiona mwenyewe. Annotate hufungua kisanduku cha kuandika. Andika, ongeza tagi (neno fupi la kupangia madokezo) chini yake, bofya kitufe cha Post. Kando ya kitufe hicho unaweza pia kuchagua Only Me kwa mawazo ambayo bado hayajaiva.

Chagua maneno ya kutosha. Programu huyakumbuka maneno yenyewe, herufi chache zilizotangulia na zilizofuata, na nafasi yake kwenye hati, ili kwamba hata ukurasa ukibadilika kidogo dokezo lijue lilipokuwa. Ukichagua neno moja kama shall, ambalo kwenye mswada limejirudia mamia ya mara, unaipa kazi ngumu bure. Chagua kishazi kizima. Ukurasa ukibadilika kiasi kwamba maneno hayapatikani tena, dokezo halipotei. Linahamia kwenye kichupo cha Orphans, na mara nyingi hapo ndipo mnapogundua kwamba mtu amebadilisha maandishi kimyakimya.

Dokezo lenye faida linavyoandikwa

Miswada ya fedha haisomeki peke yake. Karibu kila kifungu ni amri ya kurekebisha sheria nyingine: futa maneno haya, weka yale, ondoa aya fulani ya Jedwali la Pili la Sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 2013. Ukisoma amri hiyo bila kuifungua sheria yenyewe hujasoma kitu. Ndiyo maana dokezo la kwanza kwenye kila kifungu liwe la mtu aliyekwenda kwenye kenyalaw.org, akasoma kifungu cha sheria mama, na kurudi na kiungo.

Chukueni mfano wa mkate. Mswada wa 2024 ulipendekeza mkate utozwe VAT ya asilimia 16, pendekezo lililoondolewa kabla mswada haujapigiwa kura. Dokezo dhaifu kwenye kifungu cha namna hiyo lingesema: "Wanatuua hawa!" Hasira ni ya haki, lakini mwenzako hajapata cha kufanyia kazi. Dokezo zuri lingesema hivi:

"Aya inayofutwa ndiyo inayouweka mkate wa kawaida kwenye orodha ya bidhaa za VAT ya asilimia sifuri, yaani Jedwali la Pili. Ikifutwa bila mkate kuwekwa Jedwali la Kwanza, la bidhaa zilizosamehewa, utatozwa asilimia 16. Nimesoma Jedwali lenyewe, kiungo hiki hapa. Swali: je, kuna kifungu kingine kwenye mswada kinachouhamishia Jedwali la Kwanza?"

Tazama lilivyo. Limesema nini kinabadilika, limeonyesha lilikotoa habari, na limeuliza jambo ambalo mtu mwingine anaweza kulitafuta na kurudi na jibu. Swali hilo la mwisho lina uzito. Bidhaa ya asilimia sifuri na bidhaa iliyosamehewa zote hazitozwi VAT dukani, lakini mtengenezaji wa bidhaa ya asilimia sifuri hurudishiwa VAT aliyolipa kwenye malighafi, na wa bidhaa iliyosamehewa harudishiwi, hivyo huiongeza kwenye bei. Mhasibu mmoja katika kikundi chenu akiliweka hilo pambizoni, amewafunza wote mara moja na maelezo yake yatabaki pale.

Miswada ya Kenya imeandikwa kwa Kiingereza kizito. Andikeni madokezo kwa Kiswahili. Kwa kila kifungu mlichogawana, dokezo mojawapo liwe ni kifungu hicho kimesemwa upya kwa Kiswahili ambacho mama mwenye genge la mboga atakielewa. Msitafsiri neno kwa neno. Semeni kinachoamriwa na nani ataguswa. Kisha mwenzako mwenye Kiingereza kizuri alinganishe na kujibu chini yake. Mabishano juu ya tafsiri ndiyo huonyesha mahali ambapo sheria yenyewe haieleweki, na mahali hapo ndipo wasilisho lenu liwe kali zaidi.

Kwa Tanzania hali ni tofauti kidogo. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na tanzlii.org ina sheria na hukumu nyingi za nchi. Kazi ya kutafsiri hupungua, lakini sheria nyingi za zamani bado mtazikuta kwa Kiingereza, na ya kuulizana maana ya vifungu inabaki vilevile.

Ukimjibu mwenzako, tumia kitufe cha kujibu chini ya dokezo lake badala ya kuanza jipya kwenye sentensi ile ile, ili mazungumzo yasomeke kama uzi mmoja. Na ukitofautiana naye, tofautiana na hoja. Pambizo haina sauti ya mtu wala uso wake, na neno ambalo barazani lingepita kwa kicheko, likiandikwa huonekana tusi. Hii ni kweli zaidi pale penye wakubwa na vijana pamoja. Kijana aandike "Shikamoo mzee, nimeona tofauti kidogo hapa," na mzee naye asione aibu kujibu, "Kweli, nilikuwa sijasoma aya ya tatu." Dokezo likivuka mpaka, mtu yeyote anaweza kuliripoti na aliyeunda kundi akalificha.

Tagi: chache, na tahajia moja

Kubalianeni tagi tano kabla ya kuanza na mziandike kwenye dokezo la ukurasa mzima, lile ambalo halifungwi kwenye sentensi yoyote. Mimi hupendekeza swali, tafsiri, sheria-mama, athari na pendekezo. Mtu mmoja akiandika swali na mwingine maswali, programu itaziona kuwa tagi mbili. Msiongeze tagi katikati ya kazi bila kuambizana.

Faida yake inaonekana mwishoni. Ukifungua ukurasa wa kundi lenu kwenye hypothes.is na kuandika tag:swali kwenye kisanduku cha kutafuta, yanakuja maswali yote. Ukiandika user: na jina la mtu, unaona kazi yake. Kwa tag:pendekezo mnapata mifupa ya wasilisho lenu.

Dokezo hilo la ukurasa mzima libebe pia kiungo cha nakala ya Internet Archive, tarehe ya mwisho ya maoni na jina la anayeshika zamu.

Gawaneni kazi

Tangazo la maoni ya umma mara nyingi huacha siku chache. Msiseme kila mtu asome mswada wote. Gawaneni vifungu kwa watu wawiliwawili, mmoja anayejua mambo na mwingine anayeguswa nayo. Kifungu cha ushuru wa magari wapewe mhasibu na dereva wa matatu. Kifungu cha mitandao ya simu apewe wakala wa M-Pesa na mwanafunzi wa sheria. Dereva ataona kwenye sentensi kitu ambacho mhasibu hakukiona, kwa sababu yeye ndiye atakayelipa.

Mtu mmoja awe mfuatiliaji wa maswali. Kila jioni anafungua tag:swali, anaona yasiyojibiwa, anachukua kiungo cha kila moja kwa kubofya alama ya kushiriki iliyo chini ya dokezo, na kukituma kwenye WhatsApp kwa jina la anayeweza kulijibu: "Dada, hili la stakabadhi ni lako." Kiungo hicho humfungulia hati na kumpeleka kwenye dokezo lenyewe, mradi dokezo liliwekwa kwenye hati iliyofunguliwa kwa anwani yake ya intaneti, si kwenye nakala iliyo ndani ya kompyuta ya mtu. WhatsApp haifi. Inageuka kengele ya kuwaitia watu, na mjadala unafanyika kwenye hati. Jukumu hili mpeni mtu mwenye subira na anayeheshimika, maana bila yeye nimeona vikundi vizuri vikinyamaza siku ya tatu.

Faragha, na sheria inayokuhusu

Madokezo ya kundi la faragha yanaonekana na wanakundi tu, lakini yako kwenye seva ya watu wengine, na mwanakundi yeyote anaweza kuyanakili. Msiweke humo namba za vitambulisho, namba za simu, wala visa vya watu kwa majina yao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mtu akisimulia jinsi kodi ilivyomfungia duka, mwandike kama mwenye duka wa mtaa fulani.

Mkiamua kuweka madokezo hadharani, jueni mambo mawili. Madokezo ya Public kwenye Hypothesis hutolewa kwa umma bila haki za hakimiliki, kwa hiyo yeyote anaweza kuyachukua na kuyatumia. Pili, maneno ya pambizoni ni maneno yaliyochapishwa mtandaoni kama mengine yoyote. Sheria za makosa ya mtandao, ya Tanzania ya 2015 na ya Kenya ya 2018, hazibagui kama uliandika Facebook au pembeni mwa PDF. Mkosoe mswada kwa nguvu zenu zote. Kumtuhumu mtu kwa jina kunahitaji ushahidi mkononi.

Kutoka madokezo hadi wasilisho

Siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, fungeni mjadala. Mwandishi mmoja afungue Google Docs na kuchora jedwali la safu tatu: kifungu, pendekezo, sababu. Kisha apitie tag:pendekezo moja baada ya jingine. Pendekezo liseme wazi linataka nini kifanyike: kifungu kifutwe, maneno fulani yabadilishwe kuwa haya, au tarehe ya kuanza isogezwe. Safu ya sababu ijazwe kutoka kwenye tagi za athari na sheria-mama. Hapa ndipo mtaona thamani ya viungo mlivyoweka, kwa sababu kila dai lina mahali lilipotoka.

Wenzake wapewe ruhusa ya kutoa maoni tu, si ya kuhariri. Watu ishirini wakihariri waraka mmoja usiku wa mwisho, hakuna anayejua nini kimebadilishwa. Wasilisho hutumwa kwa Karani wa Bunge kwa anwani iliyotolewa kwenye tangazo. Litumeni kwa baruapepe, mtunze jibu la kupokelewa, na kama kuna mtu Nairobi apeleke nakala ya karatasi na kugongewa muhuri.

Chukueni nakala ya madokezo yenu

Wazo la kuandika pambizoni mwa wavuti ni la zamani kama wavuti yenyewe. Kivinjari cha Mosaic kilijaribu mwaka 1993, na jaribio halikudumu. Google ilileta Sidewiki mwaka 2009 na kuifunga 2011, na waliokuwa wameandika humo wakabaki bila mahali pa kuendelea. Mozilla iliifunga Pocket mwezi Julai 2025, pamoja na maelfu ya makala ambazo watu walikuwa wamezitunza. Hypothesis imedumu zaidi ya nyingi, na kufuata kiwango cha wazi kunasaidia, lakini kazi yenu msiiachie kampuni wala taasisi yoyote peke yake.

Kwa hiyo, kazi ikiisha, fungua hati, bofya alama ya kushiriki iliyo juu ya paneli, chagua Export. Chukua nakala mbili: moja ya JSON, ambayo unaweza kuirudisha ndani ya Hypothesis baadaye, na moja ya maandishi ya kawaida au CSV, ambayo itafunguka kwenye kompyuta yoyote hata miaka ishirini ijayo. Ziweke kwenye folda moja na PDF mliyoisoma, kiungo cha Internet Archive na wasilisho lililotumwa. Folda hiyo iwe na watu wawili, kwenye kompyuta mbili tofauti, na jina lake lianze na mwaka. Mswada unaofuata ukichapishwa, fungueni kwanza tag:sheria-mama za mwaka uliopita, kwa kuwa sheria zinazorekebishwa mara nyingi ni zile zile.